Chembe Zilizosahau Kufa

Kutoka Tabora hadi Same nilisafiri kwa treni nikilala na kuamka, hata sikujua tena kipi kilikuwa dirishani na kipi ndotoni. Baada ya Korogwe mkonge ulisimama mistari mpaka macho yakachoka. Kisha milima ya Upare ikajitokeza upande wa kulia, ya buluu, haina uzito.

Nilikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na mafunzo ya miezi michache ya kutazama damu kwa hadubini. Kazi ya hospitali ya Same ilikuwa malaria tu, hadi mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya Ujamaa. Ndipo alipoletwa msichana wa miaka saba kutoka Kifaru, taya la kushoto limevimba kama ameficha embe shavuni.

Daktari alikata kipande, akaniita nichungulie. Niliona chembe nyeusi zimesongamana, na kati yake madoa meupe, mfano wa usiku wenye nyota. Alisema ni saratani ya chembe za damu, zile zinazokaa kwenye tezi.

"Kila chembe ina siku yake ya kufa," alisema. "Hizi zimesahau."

Huenda kuna kirusi kilichozisahaulisha, akaongeza, ila wataalamu walikuwa bado wanabishana.

Msichana alichomwa sindano ya kwanza. Siku ya pili yake hakuja. Mama yake alileta habari kwamba bibi yake amempeleka kwake Ngujini, juu milimani Ugweno. Daktari akanituma mimi, maana alijua nashindwa kukaa mahali pamoja.

Nilipanda ndani ya ukungu nusu siku nzima. Bibi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na sindano?"

"Nimekuja kumchukua."

"Ana surua."

Kwake na kwa majirani wote, mwenye surua hachomwi sindano. Akichomwa, vipele hurudi ndani na kumwua. Akaniketisha jikoni kwanza, jasho la njia linikauke, ndipo akanifungulia chumba kilichozibwa dirisha kwa kanga. Mtoto alijaa vipele, akihema kwa shida. Nilimgusa taya kwa kuwa sikujua la kufanya. Uvimbe ulikuwa nusu ya ule nilioujua. Nilidhani mkono wangu umekufa ganzi.

Niliteremka bila mtoto, nikamweleza daktari. Aliwahi kusikia jambo hilo mara moja tu: kirusi cha surua huingia katika chembe za jamii ileile ya zile za uvimbe, nazo hufa kwa wingi, kama zimekumbushwa.

"Lakini usimwambie mtu kwamba surua ni dawa," alisema. "Inaua watoto. Na zikibaki chembe chache, zitaota tena."

Niliporudi Ngujini msichana alikuwa akikimbia, taya limekuwa bapa. Nilimweleza bibi maneno ya daktari, naye akanipakulia ndizi na maharage.

"Surua imekula uvimbe wote," alisema, majirani wakicheka. "Wewe na sindano zako mtakula nini?"

Nilicheka nao. Nilitaka sana iwe kweli. Nikawa napanda kila nilipopata mapumziko, nampapasa yule mtoto, nateremka nikielea.

Safari ya nne, chini ya sikio, kidole changu kilisimama. Punje, kama ya kunde. Bibi alikuwa akinitazama usoni. Ningeweza kusogeza mkono.

"Bibi, kuna kitu hapa."

Akaweka kidole chake. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Vipele vimekwisha?" aliuliza.

"Vimekwisha zamani."

"Basi hakuna surua ya kurudi ndani."

Akaingia chumbani kufunga mzigo. Tuliteremka watatu siku ileile.

Punje iliyeyuka kwa sindano ya pili. Asubuhi ya sindano ya mwisho nilikuwa tayari na tiketi ya treni ya Tanga. Hakuna aliyenifukuza, ni miguu tu. Bibi alinikuta kwenye ngazi za hospitali, akaniuliza nitapita lini Ngujini. Nikamwambia sitapita tena.

"Sasa nani atampapasa?"

Nilikishika kidole chake, kigumu kwa jembe, nikakipitisha polepole chini ya taya la mjukuu wake, mpaka nyuma ya sikio. Nikamwambia afanye hivyo kila Jumapili, na akikuta kitu asingoje. Msichana alilalamika kwamba anatekenywa. Bibi alirudia peke yake tangu mwanzo, macho ameyafumba, nami nikaondoka kabla hajayafumbua.