Wimbo Ambao Mama Hakuumaliza

Kuna watu wanaoukumbuka mwanzo wa miaka ya elfu mbili kwa simu za kwanza za mkononi, au kwa suruali pana zilizokuwa zikifagia barabara. Mimi naukumbuka kwa nyimbo. Nyumba tuliyopanga Kariakoo, karibu na Msimbazi, ilikuwa na vyumba sita, korido moja, na uani bomba moja la maji, ambalo wanawake wa vyumba vya nyuma walilizunguka kila asubuhi na ndoo zao. Asubuhi chumba hiki kinapiga bongo fleva ya kijana analia kakimbiwa na demu kwa sababu hana gari, chumba kile kinapiga dansi la kutaja majina ya mapedeshee, wale matajiri wa kutuza wanamuziki, na sisi tunapiga kwaya, maana mama yangu alitoka Kilimanjaro na aliamini kwa dhati kwamba redio iliumbwa kwa ajili ya kwaya. Vijana wa sasa wakiniambia muziki wa zamani ulikuwa umetulia, nabaki kucheka. Wangekuja pale kwetu saa moja asubuhi.

Mama wa chumba cha mbele alikuwa mtu wa taarab. Alitokea Tanga, akauza vitumbua barazani, na kanda mpya ikitoka alikuwa nayo kabla mwenye duka hajaipanga kwenye shubaka. Taarab yenyewe miaka ile ilikuwa imebadilika, imeingiza vinanda na magitaa ya umeme, ina mdundo wa kuchezeka, na maneno yake yalikuwa makali hasa. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa kanda na bado mwimbaji alikuwa hajachoka. Mimi nilimwita mama mdogo. Mama yangu alimwita shoga, kama wanawake wa pwani wanavyoitana marafiki, neno alilofundishwa na yeye mwenyewe, kwa sababu alipofika mjini alikuwa akimwita kila mwanamke "dada" kama vile wote wametoka ibadani.

Alimfundisha pia sheria ya nyumba. Pale kwetu watu hawakutukanana. Mwenye lake moyoni aliweka kanda. Alifunga pazia la mlango wake fundo, ili ijulikane kwamba hajifichi, akaongeza sauti, na kila mpangaji akajua kwamba wimbo huo una mwenyewe. Kazi iliyobaki ni ya mwenyewe kujijua. Nakumbuka baba mmoja wa chumba cha kati aliyekuwa akitoka chooni bila kumwaga maji. Alipigiwa wimbo wa mtanashati wa barabarani ambaye kwake kunanuka, asubuhi nzima, na jioni ndoo ya chooni ilikutwa imejaa hadi juu. Hakuna aliyesema neno.

Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kutouliza. Ukiuliza "Unanisema mimi?" umeshakiri, na nyumba nzima itacheka. Aliyepiga naye haelezi, kwani akieleza ameharibu utamu wote. Mama aliyaona hayo kuwa vituko vya watu wa pwani, akawa anasimulia kwao Moshi na kuchekesha watu. Alicheka mpaka siku aliyodhani zamu yake imefika.

Mwaka ule mama alikuwa mjamzito. Mimi nilikuwa mtoto wake pekee, nasoma shule ya msingi, na mimba ilikuwa imekua kiasi kwamba tulishaanza kubishana jina. Akaenda hospitali akarudi mikono mitupu. Sina njia nzuri ya kulisema hilo. Baba alikwenda dukani kuuza ndoo na mabeseni yake ya plastiki kama kawaida, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na aliyebaki na mama ni mama wa chumba cha mbele. Alimpikia uji wa pilipili manga. Alimfulia. Alimkanda kwa maji ya moto kama anavyokandwa mzazi yeyote, ingawa hapakuwa na mtoto wa kuonyesha. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikawasikia wote wawili wakilia, mmoja huku anakamua kitambaa.

Siku chache baadaye, asubuhi, mama mdogo akatoa redio yake chumbani. Hilo peke yake lilikuwa jambo zito, kwa kawaida redio ilipigwa ndani. Akaibeba korido nzima, akaiweka juu ya stuli kwenye mlango wa kutokea uani. Mlango ule ulikuwa ubavuni mwa chumba chetu. Akarudi, akafunga pazia lake fundo, na wimbo ukaanza. Ulikuwa mpya, mjini ulikuwa na wiki tu, na baadaye mwaka huo usingeingia harusi yoyote ukaukosa.

"Kapu limekwenda soko, limerudi na upepo."

Mwimbaji akarudia. Wanawake wakaitikia. Akarudia tena kwa sauti ya kudeka, ya mtu anayejua anachoma. Nilimtazama mama. Alinyanyuka kitandani, yeye ambaye hata kukaa kulimuuma, akafunga mlango, akafunga dirisha, akaniambia niimbe.

"Niimbe nini, mama?"

"Chochote. Kwa sauti."

Nikaimba nyimbo za shule ya Jumapili, moja baada ya nyingine, nikipasua koo, mpaka huko nje kukawa kimya.

Mama hakwenda kuuliza. Angewezaje? Alikuwa mwanafunzi mzuri wa sheria ile. Alichofanya ni kumtuma baba alete kanda fulani ya kwaya, na alipopata nguvu alifunga pazia letu fundo. Nyumba nzima ilitega masikio. Mama wa kanisani kafunga pazia! Ulikuwa wimbo wa Mungu kuwaona wanaocheka machozi ya wenzao. Mama mdogo alikuwa anatoka bombani na ndoo. Akaitua mbele ya mlango wetu, akasimama, akausikiliza wimbo mpaka neno la mwisho, kwa sababu watu wa taarab ndivyo walivyo, hawaachi wimbo katikati. Halafu akajitwika ndoo yake akaenda.

Basi, ikawa ndiyo hivyo. Salamu hazikukatika, maana mjini ukikata salamu kila mtu anataka kujua sababu. "Umeamkaje?" "Salama." Lakini sahani ya vitumbua haikuja tena asubuhi, na ndizi zikiletwa kutoka Moshi mama alizigawa vyumba vyote akakiruka kimoja. Neno shoga liliondoka mdomoni mwake na halikurudi. Kabla mwaka haujaisha mama mdogo alihamia Buguruni. Siku ya kuhama mama alishinda dukani. Aliporudi alichukua ufagio akafagia kile kipande cha baraza alipokuwa akikaa mwenzake, akakifagia muda mrefu, na mimi nikawa simwelewi.

Hakupata mtoto mwingine. Hakupata shoga mwingine pia. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja na kuondoka, wa kwenye kikoba cha kuweka akiba walikuja na kuondoka, na yeye alikuwa mkarimu kwa wote, ila sikumwona tena akicheka mpaka ajifute macho kwa khanga. Nyumba ile ilivunjwa, sasa ni ghorofa la maduka ya nguo. Baba alifariki. Mama akaendelea na duka lao la vyombo vya plastiki.

Juzi nilikuwa saluni, hapo hapo Kariakoo, nasuka. Redio ilikuwa na kipindi cha nyimbo zilizotamba mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na saluni nzima ilikuwa inaimba. Inashangaza vitu ambavyo kichwa kinatunza. Sikumbuki niliyofundishwa kidato cha pili, lakini mistari ya yule kijana asiye na gari niliitoa yote bila kukosea, pamoja na kile kikohozi chake cha katikati. Kisha vinanda vya taarab vikaingia, na ile sauti ya kudeka.

"Kapu limekwenda soko, limerudi na upepo."

Nikamwomba msusi abadilishe stesheni.

"Dada, huu ndo wenyewe," akasema, mikono haikusimama. "Subiri ufike kwenye jibu."

"Jibu gani?"

"We! Hujawahi kuusikia mpaka mwisho?"

Sikuwahi. Siku ile nilikuwa naimba, na miaka yote iliyofuata nikiusikia mahali niliondoka. Lakini huwezi kuondoka saluni umesukwa nusu kichwa, upande mmoja mtu mzima na upande mwingine kichaka. Nikakaa. Yule mwimbaji akakejeli weee, beti baada ya beti, halafu mdundo ukabadilika. Sauti ya mwanamke mwingine ikaingia, nzito, haina madeko hata kidogo.

"Mwacheni na kapu lake, na soko halijafungwa. Mnapima kapu lake, ya kwenu mmeyafunga."

Wanawake wote mle ndani wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naiona ile redio juu ya stuli. Iliwekwa ubavuni mwa chumba chetu, ndiyo, lakini uso wake, zile spika mbili, zilitazama uani. Zilitazama bombani, walipokuwa wakikaa wale wanawake wa vyumba vya nyuma kila asubuhi na ndoo zao, wakisema ya watu. Na nikakumbuka jambo jingine ambalo utotoni sikulitilia maanani. Tangu siku ile pale bombani palikuwa kimya. Watu walichota maji wakaondoka.

Nilitoka saluni kichwa kinawaka moto, nikaenda moja kwa moja dukani kwa mama. Wimbo niliutafuta mtandaoni nikiwa njiani. Nilipoubonyeza, na ule mstari wa kwanza ulipotoka, mkono wake ulikuja haraka kutaka kuizima simu.

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini? Umekuja kunifanyia nini wewe?"

"Nakuomba. Mpaka mwisho."

Alisikiliza amesimama, ameshika beseni. Jibu lilipoingia aliliweka chini. Liliporudiwa na waitikiaji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wimbo ukaisha, na neno lake la kwanza lilikuwa la hasira.

"Sasa kwa nini wasianze na jibu?"

Nilishindwa kujizuia, nikacheka.

"Usicheke. Kwaya inaanza na neno lenyewe. Hawa wanakuzungusha wee, mtu mwenye maumivu yake atasubiri mpaka saa ngapi?" Kisha akashusha sauti. "Wale wa bombani. Walikuwa wananisema. Nilikuwa nawasikia kupitia dirishani, nikajifanya nimelala."

"Na mama mdogo aliwasikia."

"Aliwasikia." Akalia hapo hapo, mbele ya wateja, kilio cha mtu aliyechelewa sana. "Na mimi nikampigia kwaya."

Nilimwambia tutamtafuta, lazima kuna mtu anayemjua. Akanitazama kama mimi ndiye mgeni wa mji.

"Yuko Buguruni, nyuma ya soko. Bado anakaanga vitumbua."

"Umejuaje?"

"Nimejua siku zote."

Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua malaria. Duka la jirani wanauza vile vispika vidogo vya kuunganisha na simu, akaazima kimoja. Kwenye bajaji alikishikilia mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Nyumba ilikuwa ya chini, mlango una pazia la maua, na nje jiko la mkaa lilikuwa limeshazimwa. Nikamwambia apige hodi.

"Siwezi. Nikipiga hodi nitasema nini? Nitaanzia wapi?" Akakiweka kispika kizingitini, akarudi nyuma, akashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Weka. Anzia kwenye jibu."

Nikausogeza wimbo katikati, nikauachia kwa sauti yote. Mwacheni na kapu lake. Majirani wawili watatu wakachungulia, wanajua wenyewe mambo haya. Pazia likatikisika. Akatoka mwanamke mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka, ana miwani, vidole vyeupe kwa unga wa mchele. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anamwangalia mama. Alisimama kizingitini akausikiliza wimbo mpaka neno la mwisho.

Na simu yangu, kwa kuwa ni simu, ikaurudisha wimbo mwanzo. Kapu limekwenda soko.

"Zima!" mama akanipigia kelele. "Zima hiyo, zima!"

Nilikuwa nahangaika kutafuta pa kubonyeza. Mama mdogo akanizuia kwa mkono wake wa unga. Akageuka, akalishika pazia la mlango wake, akalifunga fundo taratibu, na mama akafumba macho. Kisha yule mwanamke akasogea pembeni ili tupate pa kupita.

"Uache uishe," akasema. "Ila punguza sauti, shoga. Majirani watadhani tumegombana."