Kanuni Ndiyo Haikujui

Mama Kendi hajawahi kufika Marekani, na wala hakuona haja ya kupoteza nauli. Marekani yenyewe ilimfuata Erdington, huko Uingereza. Kila Jumapili baada ya ibada iliingia kwenye ukumbi wa jamii, ikachukua viti viwili vya mbele na kuanza kupiga kelele.

Kiti kimoja kilikuwa cha Baba Mark, Mkenya wa Bordesley Green anayefanya kazi ghalani, mtu mwema kabisa mpaka mtu ataje kura. Yeye alishikilia kwamba kule Marekani kura zinaibwa: wafu wanapiga, wageni wanapiga, na masanduku hujaa wakati watu wamelala. Kiti cha pili kilikuwa cha Mkubwa, Mzanzibari mwenye duka la simu Perry Barr. Naye alishikilia kwamba kinachoibwa ni haki ya wanyonge: vituo vinafungwa, foleni zinarefushwa makusudi, na watu wanarudishwa majumbani kwa kisingizio cha vitambulisho.

"Kama huibi, kitambulisho kinakuogopesha nini?" Baba Mark alikuwa akiuliza, chai ikimmwagikia mkononi.

"Na kama huwaogopi watu, kwa nini unawawekea vizingiti?" Mkubwa alikuwa akijibu, naye amesahau sambusa mdomoni.

Hakuna kati yao aliyekuwa na hata binamu kule. Lakini Baba Mark aliweza kukutajia wilaya za jimbo la Georgia moja baada ya nyingine, ilhali diwani wake wa Bordesley Green angepishana naye kwenye basi asimjue. Mwaka huo wa 2024, Julai, Uingereza nayo ilipiga kura, na kituo kikawa ukumbi huohuo, hatua chache kutoka vile viti viwili. Mama Kendi alikwenda na leseni yake ya udereva, akamshika Kendi mkono, akapiga kura kwa dakika nne na kurudi kupika ugali. Jumapili yake akawauliza wale mabingwa kama nao walipiga.

"Hizi za hapa hazina ladha, Mama Kendi," alisema Baba Mark. "Mtu anashindwa, anapeana mkono, anaenda nyumbani. Sasa hiyo ni siasa?"

Mkubwa alisema siku ile alikuwa anapokea mzigo dukani. Mtetezi wa wanyimwa kura alikuwa amejinyima ya kwake, na hakuna aliyemshitaki.

Mama Kendi aliwaongezea chai. Yeye si mtu wa maneno mengi. Kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na kazi ile humfundisha mtu kutazama zaidi ya kusema. Kule kazini anaitwa Audrey. Hapa ukumbini, tangu ajifungue miaka sita iliyopita, hakuna aliyewahi kumwita jina hilo. Akiitwa Audrey pale, huenda asigeuke.

Na kama kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi, halikuwa la Georgia. Lilikuwa la simu ya Jumapili jioni.

Mama yake, aliyeko Isiolo, Kenya, hupiga kila Jumapili amwongeleshe mjukuu. "Kendi mama, leo umekula nini?" Na Kendi, ambaye anaelewa kila neno, humjibu, "Rice." Kisha hurudisha simu kwa mama yake kama mtu anayerudisha sahani iliyokwisha. Siku moja yule nyanya akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto ananiogopa?" Mama Kendi akaichukua simu. Alisema mtandao umekatika, na ulikuwa haujakatika.

Ndipo alipomwendea Bi Asmahan, mama wa Kizanzibari aliyewahi kuwa mwalimu huko kwao, wakaanzisha darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi, saa nne mpaka saa sita. Umoja wao wa wazungumzaji wa Kiswahili uliruhusiwa ukumbi kwa saa hizo mbili tu kwa wiki, zaidi ya chakula cha Jumapili. Wakaanza na watoto kumi na mmoja, nyimbo, na vibao vya rangi. Wiki ya sita Kendi alikuwa anahangaika mlangoni, akainua uso na kusema, "Mama, kiatu kimenikataa."

Sentensi nzima. Hakuna aliyemfundisha, aliitunga mwenyewe. Mama Kendi alimvalisha kile kiatu, kisha akaenda chooni kulia, akarudi amenawa uso.

Basi Oktoba hiyo, Baba Mark na Mkubwa wakasimama pamoja mbele ya watu. Watu walishtuka kuwaona upande mmoja, wakadhani kuna msiba. Kumbe walikuwa na ombi. Kwa kuwa uchaguzi wa Marekani umekaribia, na kwa kuwa dunia nzima inautazama, saa zile mbili za Jumamosi zipewe Jukwaa la Siasa za Dunia, lenye skrini kubwa na uchambuzi wa kina.

"Na watoto?" aliuliza Mama Kendi.

"Watoto wana maisha marefu mbele yao," Mkubwa akasema kwa upole. "Jimbo la Pennsylvania lina wiki tatu tu."

Bi Asmahan alisema basi lipigiwe kura, Jumapili ijayo. Baba Mark akatazama ukumbi. Alihesabu vilemba, mikoba na vigari vya watoto, akaona akina mama wamewazidi kwa mbali. Hapo likamjia wazo ambalo lilikuwa limemkaa kichwani miaka yote likisubiri nafasi.

"Lakini kuwe na kanuni," alisema. "Kila mpiga kura aje na kitambulisho chenye picha, na jina lifanane na la kwenye daftari. Hatutaki ya kule yatokee hapa."

"Yatokeeje, Baba Mark?" aliuliza Gertrude, katibu wao, aliyetunza daftari la wanachama kwa miaka kumi na mmoja. "Sisi tunajuana mpaka saizi za viatu."

"Ndivyo wezi wanavyosema."

Kanuni ilipita. Ilipita kwa sababu pilau ilikuwa inapoa.

Jumapili iliyofuata Baba Mark alikuja na tai. Alikaa nyuma ya meza, daftari la Gertrude mbele yake, miwani ikiwa puani. Mkubwa alisimama kando amejibandika karatasi kifuani iliyoandikwa MWANGALIZI. Mama Kendi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, leseni mkononi, Kendi akining'inia kwenye koti lake.

"Jina?"

"Aki Baba Mark, si majuzi tu umekula chapati zangu?"

"Jina, mama. Mbele ya sheria sisi sote ni sawa."

"Audrey Kananu."

Kidole cha Baba Mark kilishuka ukurasa mzima, kikafungua wa pili, kikashuka tena. "Audrey hayumo."

"Angalia Mama Kendi."

"Mama Kendi yumo. Lakini hii leseni haisemi Mama Kendi. Yeyote anaweza kuja hapa akajiita Mama Kendi."

Mama Kendi alimtazama. Huyu ndiye mtu ambaye mkewe alijifungua pale hospitali akiwa amemshika Mama Kendi mkono, kwa sababu mume mwenyewe alikuwa kwenye basi. Wa kwanza kumbeba Mark, baada ya mkunga, alikuwa Mama Kendi. Lakini kweli, yeyote angeweza kuwa yeye.

Akasogea pembeni. Wakafuata wengine. Mama Suhail: yumo daftarini, hayumo kwenye pasipoti. Mama Mapacha: vilevile. Bi Asmahan mwenyewe alijikuta ameandikwa "Mwalimu," na kadi yake ya basi, yenye picha nzuri kabisa, ikisema mambo mengine. Mama mmoja aligundulika ameandikwa mara mbili, kwa mtoto wake wa kwanza na kwa wa pili, na Baba Mark akaruka kutoka kitini kwa furaha.

"Si niliwaambia! Mtu mmoja, kura mbili!"

Yule mama alikuwa hajapiga hata moja.

Kufikia saa nane, akina mama ishirini na wawili walikuwa wamethibitishwa kwamba hawapo, na wote walikuwa wamesimama ukutani wakinyonyesha, wakigawa biskuti na kufuta watoto makamasi.

"Mkubwa," Mama Kendi aliita taratibu. "Si wewe ndiye unayewalilia watu wanaorudishwa kwenye foleni?"

Mkubwa alijikuna shingoni. "Yale ya kule, bibi wee, ni dhulma. Haya ya hapa ni utaratibu tu." Akaandika kwenye karatasi yake: dosari ndogondogo.

Kendi akavuta koti. "Mum, is there no class now?"

Mama Kendi alimshika bega asihofie darasa lake. Alikuwa anatazama daftari. Kutoka pale aliposimama, ukurasa ulikuwa juu chini, lakini mtu aliyezoea kusoma kadi za dawa akiwa upande wa pili wa kitanda hasumbuliwi na hilo.

Baba Mark alinyanyuka, akanyoosha tai. "Haya. Sasa na mimi nipige yangu, tufunge."

"Na wewe nani atakukagua?" aliuliza Mama Kendi.

Bi Asmahan akasema, "Hapo pana haki," na kabla Baba Mark hajapata la kusema, Mama Kendi alikuwa ameketi kwenye kile kiti na kulivuta daftari.

"Jina?"

Baba Mark alicheka. "Mama Kendi, wacha mchezo bana."

"Jina, baba. Sote ni sawa."

Akatoa leseni yake na kuiweka mezani kwa kishindo. Cleopas, ilisema, na jina la ukoo, na picha ya mtu aliyekasirika. Mama Kendi alishusha kidole ukurasa wa kwanza, polepole, kama anavyompaka mzee mafuta. Akafungua wa pili. Hakuna haraka.

"Cleopas hayumo."

"Haiwezekani! Mimi ni mwanachama tangu mwanzo!"

"Kuna Baba Mark."

"Si ndiye mimi!"

"Leseni haisemi hivyo."

"Lakini unanijua!"

"Nakujua sana, Baba Mark. Kanuni ndiyo haikujui."

Uso wa Baba Mark ulipita rangi kadhaa. "Kuna mtu amelifuta jina langu! Huu ni wizi!"

"Hakuna aliyelifuta," alisema Gertrude kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Ni wewe ulikuja hapa Mark alipozaliwa, na kreti ya soda, ukaniamrisha nikate Cleopas. Ulisema ukiitwa Cleopas tena hutaitika. Mstari wenyewe huo hapo, niliukata kwa rula."

Mkubwa alianza kurudi nyuma kidogo kidogo, lakini Bi Asmahan alimwahi. "Njoo, mwanangu, nawe utupe pasipoti." Pasipoti ilisema Abdulnasir. Mkubwa ni jina alilopewa na bibi yake kwa kuwa alizaliwa wa kwanza, na nusu ya Perry Barr haijui kama ana lingine. Mwangalizi naye akaenda kusimama ukutani, akapewa mtoto wa mtu amshikie.

Walipomaliza, ukiacha Gertrude, kwa kuwa katibu hapigi kura, katika wanachama wote alibaki mmoja tu mwenye jina lililofanana: Athanase, Mkongo asiye na mke wala mtoto, aliyekuja kwa ajili ya pilau. Uchaguzi mzima ulikuwa mkononi mwake. Baba Mark alimwahidi kiti cha mbele kwenye Jukwaa. Mkubwa, mtoto begani, akamwahidi chaji ya simu ya bure. Akina mama hawakumwahidi kitu. Mama Kendi alimtazama tu, mkono wa Kendi ndani ya wake.

Athanase alikuna kidevu. "Miye peke yangu ndo nachagua, na ninyi bote munaangalia?"

"Ndiyo kanuni," Baba Mark alisema kwa huzuni.

"Apana, ndugu yangu. Kura ya muntu moja, kwetu tunaiita jina ingine, na tuliikimbia." Akalisukuma daftari. "Simameni tu mistari mbili. Mwenye macho ahesabu."

Gertrude alishtuka kidogo, kwa kuwa Wakenya wa umri wake hawajasahau kura ya mlolongo ya mwaka 1988, ya kupanga mstari nyuma ya mgombea, na jinsi mstari mfupi ulivyoweza kuushinda mrefu. Lakini wakasimama. Mstari wa darasa ulianzia mezani, ukazunguka ukumbi, ukapita jikoni, ukatokea kwenye mlango wa maegesho. Mstari wa Jukwaa ulikuwa na wanaume saba, na mmoja alikuwa anatuma ujumbe. Athanase alisimama nyuma ya Mama Kendi. Hata mke wa Baba Mark alikuwa pale, akitazama dari.

Baba Mark hajakubali mpaka leo. Anasema mstari ulipindishwa na watoto walihesabiwa. Amekata rufaa kwa kamati ya nidhamu, ambayo mwenyekiti wake ni yeye, na bado hajajijibu. Mkubwa alitoa taarifa kwamba zoezi lilikuwa huru isipokuwa pale alipokosa kura. Jumamosi iliyofuata wote wawili waliwaleta watoto wao darasani, wakakaa nyuma, wakitazama Marekani kwenye simu moja, sauti ikiwa imezimwa kwa amri ya Bi Asmahan.

Jumapili ile ya kura, jioni, simu ya Isiolo ililia kama kawaida. "Kendi mama," nyanya alisema, "leo kulikuwa na nini huko?"

Kendi aliishika simu kwa mikono miwili, akafikiri, macho yakiwa darini.

"Nyanya," alisema, "Baba Mark hana jina."

Mama Kendi alisikia kiti kikivutwa kule Isiolo, mtu akikaa vizuri.

"Hana jina? Maskini. Ehe, hebu nieleze, ilikuwaje?"

Kendi akakaa chini sakafuni, akavua viatu, akaanza kumweleza.