Besi ya Mama Pacha

Mtaani walimwita Mdundo, na wachache sana walijua jina alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kufunga muziki kwenye magari. Karakana yake ilipakana na ya fundi cherehani, na kila Mdundo alipojaribu spika mpya, jirani huyo aliinua mguu kwenye pedali akasubiri, maana sindano ilikuwa inacheza yenyewe.

Kila mteja aliyetaka besi aliulizwa swali lile lile: "Unataka kuusikia wimbo, au unataka majirani wausikie?"

Wengi walicheka, kisha wakakiri kwamba wanataka majirani wausikie. Hao aliwatengenezea boksi lenye tundu. Spika ikipiga, aliwaeleza, hewa ya ndani inatokea kwenye tundu hili na kuongeza nguvu. Unapata mngurumo mkubwa hata kwa amplifaya ndogo. Wachache waliotaka kuusikia wimbo aliwatengenezea boksi lililozibwa pande zote. Humo hewa haina pa kutokea, kwa hiyo inaibana spika na kuirudisha mahali pake upesi. Kishindo kinapungua, lakini kila pigo linakuja na kuondoka bila kumkanyaga mwenzake visigino.

Gari lake mwenyewe lilikuwa na redio ya kukoroma tu. Mganga hajigangi.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu usichana wake. Ndiko walikoonana. Mdundo alikwenda kufunga spika za ukumbi, akamsikia msichana akimwambia mpiga gitaa la besi, "Kaka, unachelewa." Na kweli alikuwa anachelewa. Mdundo naye alikuwa amelisikia kosa hilo, akanyamaza. "Yule," aliwaambia rafiki zake jioni ile, "kanizidi masikio, tena ana mdomo."

Miaka mingi baadaye, masikio hayo ndiyo yaliyoanza kumtoroka Mama Pacha. Walitangulia ndege wa asubuhi, ikafuata kengele ya mlango, kisha maneno ya mtu anayeongea huku amekupa mgongo. Daktari alisema ni mishipa ya ndani, haitarudi kama zamani. Alipewa vifaa vya kuvaa masikioni, vikamsaidia kwenye mazungumzo, lakini muziki, alisema, aliusikia kama sahani zinazooshwa. Siku kiongozi wa kwaya alipomwomba kwa adabu asogee mstari wa nyuma, Mama Pacha alimshukuru, akaifua sare yake, akaipiga pasi, akairudisha. Hakulia. Ila tangu hapo aliacha kuimba hata akiwa anapika, na kimya hicho cha jikoni ndicho kilichomkosesha Mdundo raha.

Akafanya analolijua. Alijiambia kwamba mtu anayesikia kidogo anahitaji sauti nyingi, na besi haipiti masikioni tu. Inaingia kwa mgongo, inaingia kwa kifua. Akatengeneza boksi la tundu, kubwa kuliko yote aliyowahi kufunga kwenye gari dogo. Lilijaza buti nzima mpaka gurudumu la akiba likakosa makao. Alilivika zulia jeusi kwa mikono yake, akakata pembe kwa uangalifu kama anayemshonea bibi harusi.

Jumapili mchana akamkaribisha Mama Pacha garini, wakaenda mpaka uwanja wa wazi nyuma ya maghala, akaweka wimbo waliouchezea harusini kwao.

Vioo vilitetemeka. Miwani ya jua iliyokuwa juu ya dashibodi ilianza safari yake, ikaangukia miguuni. Mama Pacha aliweka kiganja kwenye kiti, macho mbele.

"Unaipata?" Mdundo alipaza sauti.

"Naipata."

"Si nilikwambia!"

Lakini kichwa cha mkewe kilitikisika njia yake na wimbo ukaenda njia yake. Kiitikio kilifika, kikapita, naye hakukitambua. Mwishowe akamgusa mkono. "Zima kwanza, Baba Pacha."

Akazima.

"Usinune, lakini ni ngurumo tupu. Ni kama lori limeegeshwa mlangoni na dereva hataki kuzima injini. Sijui wimbo umefika wapi."

"Si unahisi, lakini?"

"Nahisi sana. Nahisi vyote kwa mpigo mmoja." Akaiokota miwani miguuni. "Ndivyo unavyoongea na mimi siku hizi. Unanipigia kelele kutoka chumbani mpaka jikoni. Mimi sihitaji kelele, baba. Njoo mbele yangu, sema taratibu, nitakuelewa."

Mdundo alishika usukani wa gari lililosimama. Swali alilowauliza vijana wote wa mjini, yeye hakuwa amemuuliza mke wake.

Akashuka, akafungua buti, akavua sweta lake na kulishindilia ndani ya lile tundu.

Mama Pacha alimfuata. "Sweta nililokununulia mimi?"

"Ndiyo maana linafaa. Zito."

Wakarudi kukaa. Safari hii vioo vilitulia, na besi ilinywea kiasi kwamba Mdundo aliona aibu ya ufundi. Akanyoosha mkono aongeze sauti, mkewe akauzuia. Kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga goti. Kikaongezeka cha pili.

"Huyo," akasema polepole. "Huyo ndiye mpiga besi. Anapanda... anapanda... sasa anashuka. Kiitikio hicho kinakuja!"

Akafungua kinywa akaimba, na akaingia palepale pa kuingilia.

Wiki ile Mdundo alilivunja boksi kubwa, akaunda dogo la kuzibwa, kila kiungo akikipaka gundi mara mbili ili hewa isitoroke. Walipolijaribu, Mama Pacha aliimba ubeti mzima, kisha akamgeukia.

"Niko sawa?"

Mdundo alikuwa amesikia yote: mapigo hayakuwa na kasoro, lakini sauti ilikuwa imeshuka chini ya wimbo. Uongo mtamu ulimfika kwenye ncha ya ulimi. Kisha akamkumbuka msichana wa ukumbini, aliyemwambia mpiga gitaa ukweli mbele za watu. Akamgeukia uso kwa uso.

"Pigo umelishika. Sauti imeshuka kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Akainua kiganja kati yao, akakipandisha kidogo. Mama Pacha akakikodolea macho, akaimba tena, akipanda taratibu, mpaka kiganja kiliposimama.

"Hapo?"

"Hapo hapo."

Siku hizi wakifika sokoni hawashuki upesi. Wanaegesha, maana dereva hawezi kuongoza gari na mwimbaji kwa mkono huo huo, na wapita njia huwaona wazee wawili ndani ya gari, mmoja kainua kiganja na mwingine kaachama. Wapo waliowahi kugonga kioo kuuliza kama wanagombana.

"Bado kiitikio," Mama Pacha huwajibu, na kupandisha kioo.