Nilivyocheza kabaddi Brussels na bingwa wa India ambaye hata Wahindi wenzake hawakumjua

Wakuu, poleni na mihangaiko. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nimekaa nacho miaka, naona nikiendelea kunyamaza nitakuwa mchoyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilimfuata mume wangu Brussels. Yeye anasoma, mimi nipo nipo tu nyumbani, mtaa wa Koekelberg. Baridi, upweke, Kifaransa sijui hata kuomba maji.

Nikajiunga na darasa la lugha la wageni.

Siku ya kwanza mwalimu akataka kila mtu aseme kwao alikuwa nani. Pembeni yangu alikaa dada wa Kihindi, mpole, anaitwa Sunanda. Akasimama, kwa Kifaransa cha kuokoteza akasema alikuwa "championne", yaani bingwa. Mwalimu akasikia "champignon", uyoga.

"Ulikuwa unauza uyoga?"

Darasa zima likaangua kicheko. Sunanda naye akacheka, akakaa.

Mapumziko nikamfuata, tukaongea Kiingereza.

"Bingwa wa nini?"

"Kabaddi. Nilichezea timu ya taifa. Tulirudi na dhahabu."

Kwa wasioijua: timu mbili, saba kwa saba, uwanja umegawanywa katikati kwa mstari. Mmoja anavamia upande wa adui peke yake, akirudia "kabaddi, kabaddi" kwa pumzi moja. Anagusa watu, anakimbia kurudi kwao. Adui wanamkamata asirudi. Pumzi ikikata, ametoka. Akifika mstarini, aliowagusa na waliomshika wote wametoka, na kila mmoja ni pointi. Ni mieleka na kukimbizana kwenye sufuria moja!

Akanisimulia walivyotua India na medali shingoni, wakakuta waandishi wamejaa uwanja wa ndege. Wakajipanga kupigwa picha. Kumbe kamera zinawasubiri wanaume wa kriketi. Wakapitwa kama mabegi.

Baadaye akaolewa, akaja Ulaya. Basi.

Sasa, Wahindi wa huko wana tamasha lao la kiangazi, na kabaddi inachezwa, ila ya wanaume. Mwaka ule timu ya wasichana wanafunzi kutoka Uholanzi iliomba kucheza, ikakosa mpinzani. Sunanda akaenda kwa mzee wa kamati.

"Binti, akina mama tunawategemea jikoni," mzee akamjibu. "Lakini ukileta timu kamili, mtacheza."

Mzee alijua Sunanda hatapata. Na kweli, wake wa Kihindi aliowafuata, wengi walikataa. Wakapatikana wawili.

Akanigeukia. "Didi," ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, "utacheza?"

Wakuu, mara ya mwisho kukimbia nilikuwa sekondari. Nikasema ndiyo kabla akili haijafika.

Nikaenda Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Waafrika, kwa Maman Béa, Mkongo aliyekuwa akiniuzia unga na dagaa. Mwanamke wa miraba minne. Nikamweleza.

"Bon, kukimbia miye siwezi," akasema. "Lakini muntu akifika karibu na miye, nitamukamata tu. Hatarudi kwao."

Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta! Darasani tukampata Hadija, Mrundi, mwepesi kama swala na hijabu yake, pamoja na dada mmoja wa Kipolandi. Saba tukatimia.

Training ilikuwa Jumapili asubuhi, bustanini karibu na basilika, kanisa kubwa la mtaani kwetu. Wazungu na mbwa wao wanasimama kutushangaa. Yule mpole wa darasani hakuwepo tena. Sunanda anapiga kelele, anatuangusha kwenye nyasi, anatuinua, anatuangusha tena. Nilirudi nyumbani na magoti ya kijani. Mume wangu akadhani nimepata kibarua cha bustani.

Siku ya siku, watu wamejaa. Tukaingia, wengine wakacheka waziwazi. Wale wasichana wa Uholanzi walikuwa wadogo na wana kasi, dakika za mwanzo walitufanya chapati.

Kisha mmoja wao akamsogelea Maman Béa.

Hakurudi kwao. Uwanja ukalipuka!

Tukaanza kukaza. Hadija akagusa wawili, akachomoka. Mimi nilikamata kifundo cha mguu wa mtu, nikaking'ang'ania kama deni. Mpaka mwisho unakaribia, pointi sawa, uvamizi uliobaki ni mmoja. Wetu.

Sunanda akavuka. Akagusa wa kwanza. Alipogeuka, watatu wakamrukia: mmoja kiunoni, wawili miguuni. Akaanguka chini kifudifudi.

Lakini sauti haikukata. "Kabaddi, kabaddi, kabaddi..." Anawavuta wote watatu, anatambaa kwa viwiko.

"Vuta, mutoto yangu! Vuta!" Maman Béa analia machozi.

Vidole vikagusa mstari. Filimbi!

Sikumbuki nani alimbeba nani. Nakumbuka wanawake wametoka jikoni na miiko mikononi, wanapiga vigelegele vya kwao, nasi tunajibu kwa vyetu.

Mzee wa kamati akaleta kipaza sauti, akamuuliza jina. Sunanda akataja jina lake lote, timu ya taifa aliyochezea, na medali aliyorudi nayo. Polepole, kwa Kihindi, kisha Kiingereza. Watu wazima wakasimama.

Kiangazi kilichofuata zilikuja timu tatu za wanawake. Kocha wa wasichana wa Brussels alikuwa Sunanda, na orodha ya wanaotaka kujiunga ilimshinda.

Nilichojifunza: mtu anapofika ugenini, watu huanza kumhesabia maisha siku aliyoshuka kwenye ndege. Muulize alikuwa nani kabla. Halafu akijibu, muamini.

Na kwetu wapo. Dada waliovaa jezi ya taifa, netiboli, riadha, ngumi, leo tunapishana nao sokoni. Wewe unamjua nani? Uwanja ni wenu wakuu, ila ukija, njoo na jina lake.