Nyanya na Pazia la Nyali

Kioo cha mkono cha nyanya kingali nami. Mgongoni kina ua jekundu lililochubuka, na ukikisogeza puani hadi leo utasikia harufu ya udi. Nikikishika tu narudi kwetu Bofu, Likoni, nina miaka tisa, na nina jambo moja kichwani: nyanya aone tena.

Nyanya yangu, Bi Rukia, alikuwa mpenzi wa sinema hasa. Ujanani alivuka feri kwenda mjini siku za onyesho la wanawake peke yao, akarudi Likoni kuwahadithia mashoga zake waliokatazwa na waume zao. Wallahi, alihadithia mpaka mvua ya kwenye picha ukaisikia ikinyesha. Kisha macho yakaanza kuingia giza. Kwanza alilaumu taa, halafu akawa akitia chumvi kwenye chai na kutulaumu sisi. Mama akampeleka hospitali, wakarudi. Mimi mtoto sikuambiwa neno.

Aliyenitia wazimu ni Mjomba Fadhili, ndugu yake mama, aliyekuwa fundi wa umeme kwenye jumba la sinema huko Uarabuni. Bwana huyo kwa maneno, mh! Alitueleza kuwa mikanda ya sinema ya zamani ilikuwa na upana wa vidole viwili tu, ndiyo maana picha ikikuzwa sana huwa chengachenga. Mafundi wakatengeneza mkanda mpana kama kiganja, unaopita mashineni kwa ubavu, na picha yake ikatandazwa kwenye pazia refu kama ghorofa bila kupoteza hata unywele.

"Siku hizi mikanda imekwisha, ni kompyuta tupu," akasema, "lakini pazia ni lile lile. Hata chunusi ya mtu waiona kama kichuguu!"

Basi nikapata jibu. Macho ya nyanya hayana neno, ni picha zetu ndogo! Nilimsumbua mjomba, nikalia, nikasusia chakula, mpaka akakubali kutupeleka Nyali kwenye ukumbi wenye pazia kubwa. Nyanya aliposikia alicheka. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema. "Na jicho je? Haya, twendeni tukaone."

Siku yenyewe alifukiza buibui lake udi, akaniita nimshikie kioo apake wanja. Kwake yeye, mwanamke haendi sinema na macho matupu. Nilikishika huku najitazama nilivyosukwa, naringa peke yangu. "Kisogeze kidogo," akasema. Nikakisogeza. Akapaka sawasawa kabisa. "Ahsante mwanangu, nimejiona."

Ukumbini kulikuwa na baridi. Taa zilipozimwa, pazia likawaka kutoka sakafuni hadi darini: mlima wa theluji, na watu wanaupanda kwa kamba. Niliziona chembe za barafu kwenye ndevu zao, moja moja. Nikamgeukia nyanya kwa furaha. Alikuwa akitabasamu, uso kauelekeza ukutani, kwenye spika.

Nilimshika kidevu, nikamgeuza taratibu. Akakubali kugeuzwa.

"Waona, nyanya?"

"Naona, mwanangu. Mashaallah."

Spika ya upande wa pili ikanguruma, uso wake ukaifuata. Nikamgeuza tena. Jamani, ningefanyaje? Pazia kubwa kuliko hilo sikulijua. Nikaanza kumnong'oneza: sasa wapanda, sasa kamba yakatika, yule wa koti la manjano ateleza. Alinibana mkono, akanisikiliza mpaka mwisho.

Jioni mashoga zake walijaa uani. "Haya Bi Rukia, twambie!" Akawaambia, koti la manjano na yote, akaongeza na mke wa yule bwana akilia dirishani, ambaye hakuwamo kabisa. Wakafuta machozi. Mjomba alitazama chini. Mimi niliingia ndani nikalia juu ya mto wa kulalia.

Nyanya ametangulia mbele ya haki. Nilipokuwa mtu mzima, mama alinieleza kuwa ilikuwa presha ya macho, na daktari alishasema, kabla ya safari ile, kwamba nuru iliyopotea hairudi. Nyanya akaomba nisiambiwe. "Mwacheni ahangaike na pazia lake," alisema. "Akijua hakuna pazia, atashika nini?"

Juzi nilikuwa nakifuta kioo hiki, mkono ukasita. Asubuhi ile ya sinema nilikuwa nikijitazama mimi. Nyanya alipaka wanja mbele ya ua jekundu, na akanishukuru.