Jicho Halikuwa Limekufa

Mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya chuma, na mashine haikusimama. Chuma kilipanda, kikashuka tena, kana kwamba kilichokuwa pale ni bati tu. Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyekimbia kuzima swichi ukutani. Supavaisa alipofika aliniangalia, akasema, "Mama, ulikuwa unaangalia wapi?"

Hata pole sikupewa kwanza.

Kiwanda chetu kilitengeneza mifuniko ya sufuria. Unaweka duara la bati, unatoa mkono, chuma kinashuka. Upande mmoja wa mashine kulikuwa na balbu, na upande wa pili kichupa cha kioo chenye kipande cha metali ndani. Tulikiita Jicho. Mwanga wa balbu ulipita mbele ya vidole vyetu hadi kwenye Jicho, na mkono ukiukata tu, mashine inasimama papo hapo. Ilikuwa mashine kuukuu, lakini kwa hilo haikuwahi kutudanganya.

Asubuhi moja balbu ikaungua. Stoo hakuna nyingine, na mzigo wa wateja wa Eastleigh unangojewa. Supavaisa anafuga kuku kwake Tassia, na kwenye mfuko wake alikuwa na taa nyekundu mbili za kupashia vifaranga joto, alizonunua akija kazini. Akafunga moja. Mashine ikakataa. Akaongeza ya pili, akazisogeza hadi joto likatuchoma nyuso. Bado.

"Taa kubwa hivyo na halioni?"

"Limezeeka, boss," mmoja wetu akasema.

"Limekufa hili," supavaisa akakata shauri.

"Basi tuchangie matanga!" Tukacheka sote, hata mimi.

Akampigia simu mwenye kiwanda tukimsikia. "Ndio mzee. Sawa mzee. Naliruka Jicho, mashine iende bila hilo." Akachukua koleo, akaunganisha nyaya mbili nyuma ya Jicho, mashine ikanguruma. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe kesho yake, akaziona zile nyaya, akampiga supavaisa kofi la mgongoni la kumpongeza. Wiki haikuisha kabla mkono wangu haujaenda.

Kwenye kikao cha fidia walisema Jicho lilikufa kwa uzee, na mimi nilizembea. Niliachia shule darasa la tano. Ningebishana na nani? Nilirudi nyumbani, mtaa wa Jericho, nikaamini. Mambo ya Jicho, nikasema, ni ya Mungu.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Zamani kila Jumapili nilimsuka mlangoni. Siku hizi anasukwa na jirani, nami najifanya nina kazi jikoni. Jioni moja alikuwa akisoma fizikia, akageuka.

"Mathe, ile taa ya vifaranga ilikuwa red?"

"Soma vitabu vyako, uache mkono wangu."

"Skiza kwanza. Mwanga ukigonga metali, unafyatua elektroni. Hizo ndizo stima ya Jicho. Lakini mwanga unakuja kwa vipande vipande, na kila kipande kinasukuma peke yake. Unakumbuka geti la ploti likikwama?"

Nalikumbuka. Watoto walilisukuma mmoja baada ya mwingine mchana kutwa, halikutikisika. Baba mmoja wa mkokoteni akaja, akalipiga bega mara moja, likafunguka.

"Basi vipande vya red ni wale watoto. Ukiongeza taa, unaongeza watoto tu. Hakuna hata mmoja mwenye nguvu ya kutoa elektroni kwenye ile metali. Balbu ya kawaida ina bluu ndani yake. Bluu ndiyo bega."

Niliweka sufuria chini. "Kwa hivyo Jicho..."

"Lilikuwa zima, mathe. Halikupata mwanga wake, likakataa kuwasha mashine. Hiyo ndiyo kazi yake."

Nililia kuliko siku ya hospitali. Jicho lilikuwa likinilinda hadi dakika walipolifunga mdomo kwa waya.

Sasa nawataja. Wewe supavaisa wa taa za vifaranga, uliyeunganisha. Wewe mwenye kiwanda, uliyeagiza kwenye simu Jicho lirukwe, kisha ukaja ukaona. Nanyi wakubwa wa kikao, mlioandika Jicho kuwa maiti nalo li hai. Ile mashine bado inapiga mifuniko. Fungueni zile nyaya mbele yangu, mfunge balbu nyeupe, mmoja wenu apitishe mkono wake pale. Chuma kikisimama, mniambie nani alizembea. Nangoja jibu, na nitalingoja nimesimama getini kwenu.