Nchi ya Baba Imebaki Kiti

Jamani, leo baba yangu amejitangazia nchi huku Kinole!

Kisa? Mama kang'oa miche yake ya mdalasini, kapanda magimbi bila kumwuliza.

Baba katoka na kiti chake, katundika singlendi kwenye mchungwa, eti bendera.

"Kuanzia hapa hadi banda la mbuzi ni nchi huru!"

Mjomba, kaka yake mama, akapita. Baba akamwomba aitambue.

"Hongera shemeji. Ila kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Hapo umejitangazia uhuru kwenye shamba la dada yangu."

Mimi nimejiziba mdomo kwa kanga.

Nikadhani mzee atasalimu amri. Wapi!

"Basi nchi ni hiki kiti! Nilikuja nacho mwenyewe nilipokuja kuoa."

Mama akachungulia kutoka jikoni.

"Kiti nakitambua, Baba Neema. Ila ndizi za nazi ziko nchi jirani, na mpaka naufunga sasa hivi."

Baba akawaza weee.

Kisha akanyanyuka, akabeba nchi yake kichwani, akaja nayo mezani.

Nyie mngeitambua? Jibuni haraka, rais anaongeza sahani ya pili na nchi kaikalia.